Kidari chekundu pembeni, bei kubwa, na kimeisha kabla ya jioni: nimepunjwa?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimehamia Kansas City, Marekani, upande wa jimbo la Missouri, pamoja na familia. Wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye mgahawa wa nyama ya moshi. Hakuna mhudumu, unapanga foleni, unakatiwa nyama mbele yako, unapewa kwenye trei juu ya karatasi pamoja na slesi mbili za mkate mweupe na achari ya matango. Nilichukua kidari cha ng'ombe. Nje kilikuwa cheusi tii, na pembeni kina wekundu, nikadhani hakijaiva. Bei yake ningenunua nyama ya siku kadhaa dukani. Ila nilipoonja sikuwa na la kusema. Ijumaa nikampeleka mume wangu saa kumi na mbili jioni, tukaambiwa kidari kimeisha, tuchukue kuku. Je, ile nyama ilikuwa imeiva? Hii bei ni halali? Mgahawa gani unaishiwa chakula wakati watu ndio wanakuja kula? Tena sisi ni Waislamu, tuulize nini? Na mume wangu anataka kujaribu mwenyewe, lakini tunakaa ghorofani.

JIBU: Dada yangu, tuanze na lile lililokutia hofu. Nyama ilikuwa imeiva, tena imeiva kupita choma yoyote uliyowahi kula Vingunguti. Steki ambayo Wamarekani wenyewe wanasema imeiva kabisa hutolewa motoni ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi katikati. Kidari cha moshi hutolewa kikiwa na nyuzi 93 hadi 96. Maji yanachemka kwa 100, kwa hiyo unaona hapo pamebaki nini.

Sasa kumbuka wekundu ulikuwa upande gani. Nyama isiyoiva huwa nyekundu katikati na kahawia nje, kwa sababu joto huingia kutoka nje. Yako ilikuwa kinyume: katikati kahawia iliyofifia, na wekundu ni mstari mwembamba tu chini ya lile gamba jeusi, pengine upana wa nusu sentimita. Mbichi haiwezi kukaa hivyo. Ule ni alama ya moshi wenyewe. Nyama ya ng'ombe ina rangi yake kwa sababu ya protini iitwayo mayoglobini, ambayo ikipata joto hugeuka kahawia. Kuni zikiungua hutoa gesi, zikiwemo oksidi ya nitrojeni na kaboni monoksidi. Gesi hizo zikitua juu ya nyama iliyo baridi na yenye unyevu, huyeyuka, hupenya milimita kadhaa, na hushikana na ile mayoglobini kabla joto halijaigeuza. Ikishashikwa hivyo, rangi hubaki ya waridi hata ukipika mpaka kesho. Soseji za dukani ni za waridi kwa kemia hiyohiyo, ila wao hutia chumvi ya nitriti moja kwa moja.

Hata kuku wa moshi utamkuta na uwaridi chini ya ngozi, na hapo watu wengi hurudisha sahani. Kwa kuku usibishane kwa macho. Kipimo ni kipimajoto, nyuzi 74 kwenye mnofu mnene kabisa, basi. Na kwa kuwa utawasikia watu wakisifia huo mstari mwekundu kama ndio ubora wenyewe, usiwafuate. Hauna ladha yoyote. Mtu akitaka anaweza kuutengeneza kwa kupaka ile chumvi ya soseji, na ndiyo maana waamuzi wa mashindano ya chama kikubwa cha nyama ya moshi, ambacho makao yake yako hapohapo mjini kwenu, wanaambiwa wasiutolee alama.

Maswali yako ya bei na kuisha, pamoja na ule utaratibu wa foleni, jibu lake ni moja: nyama hii haipikwi kwa oda. Kwetu unafika bandani, unachagua mguu au mbavu kwenye ndoano, unapimiwa kilo, unakaa na soda yako, na baada ya saa moja au zaidi kidogo inaletwa kwenye ubao na kachumbari. Mteja ndiye anayeisubiri nyama. Kansas City mambo yamegeuzwa. Slesi uliyokatiwa saa sita mchana iliingia tanurini jana yake, wewe ukiwa bado hujajua kama utatoka na wenzako.

Sababu ni kiungo chenyewe. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa begani tulio nao sisi. Sehemu kubwa ya uzito wake iko mbele, na kinachoushikilia ni misuli ya kifua, inayofanya kazi tangu ndama anaposimama mpaka siku ya kuchinjwa. Msuli unaofanya kazi hivyo hujaa kolajeni, zile nyuzi nyeupe ngumu. Weka kidari juu ya makaa kama unavyoweka mbavu za mbuzi, kitajikunja, kitakamua maji yake yote, na utatafuna mpaka taya ziume. Wachoma nyama wa kwetu wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kidari chao huenda kwenye sufuria ya mchuzi. Lakini kolajeni ikiwekwa kwenye joto la wastani kwa saa nyingi hulegea na kugeuka jelatini, uteute uleule unaonata midomoni ukinywa supu ya kongoro. Supu hufanya hivyo ndani ya maji. Tanuri la moshi hufanya hivyo kwa hewa kavu ya moto, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kidari kizima kina kilo 5 hadi 7. Mchana au jioni kinapunguzwa mafuta, kinabakizwa tabaka la chini ya sentimita moja ili lilinde nyama. Kinapakwa viungo: Texas ni chumvi na pilipili manga iliyosagwa kubwakubwa na hawataki kusikia kingine; Kansas City huongeza paprika, unga wa vitunguu na sukari. Kisha kinaingia tanuri lenye joto la nyuzi 107 hadi 121, upande wa pili kabisa na moto, ili kiguswe na hewa na moshi tu bila mwali. Kwa saa za mwanzo mambo huenda vizuri, kipimajoto kinapanda. Kikifika kati ya nyuzi 65 na 75 kinasimama. Saa moja, mbili, tatu, wakati mwingine nne, namba haisogei. Nyama inatoka jasho, na jasho hilo likikauka linaipoza kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha. Hapa ndipo mpishi mgeni huongeza kuni kwa wasiwasi na kuharibu kila kitu. Mwenye uzoefu huacha, au hukifunga kwa karatasi nene ya bucha au foili ili unyevu usitoke, kisha kinaanza kupanda tena.

Kikifika nyuzi 90 na kitu, hatuangalii namba tena. Unachoma kijiti au ncha ya kipimajoto kwenye upande mwembamba. Ikiingia kama inaingia kwenye siagi, kimeiva; ikikwama hata kidogo, bado. Kidari kimoja huiva kwa saa 12, jirani yake wa uzito uleule kwa 16. Baada ya hapo hupumzishwa kwenye kabati la joto kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha, kwenye nyuzi 60 na kidogo. Kanuni za afya za Marekani zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, hivyo hapo hawachezi.

Ukishajua hayo, habari ya kuisha haina siri. Saa kumi na mbili jioni hakuna la kufanya. Kidari kikiwekwa motoni dakika ile mliyoingia mlangoni, kingekuwa tayari alfajiri. Mwenye mgahawa anakisia jana atauza vingapi leo, na kukisia pungufu ni nafuu kuliko kuzidisha, kwa sababu kilichobaki kesho kinauzwa kwa nusu ya heshima: kinakatwakatwa cha sandwichi, au kinaingia kwenye maharage. Kwa hiyo mgahawa unaoishiwa si lazima uwe wa wazembe. Mimi nina mashaka zaidi na ule ambao saa tatu usiku una kila kitu kwenye ubao. Ama wana kabati kubwa na hesabu nzuri, wapo wa hivyo na mjini kwenu wapo kadhaa, ama unakula cha jana kilichopashwa.

Bei nayo. Tuseme mwenye mgahawa amenunua kidari kibichi cha ratili 14 (ratili moja ni gramu 454) kwa dola 5 kila ratili. Hizo ni dola 70. Akikipunguza mafuta, ratili mbili au tatu zinaondoka. Tanurini maji na mafuta mengine yanaondoka, theluthi ya kilichobaki au zaidi. Kinachofika kwenye ubao wa kukatia ni ratili 7 hivi. Maana yake kila ratili imeshamgharimu dola 10 kabla hajalipa kuni, mtu wa zamu ya usiku, kodi ya jengo na ile karatasi iliyo kwenye trei. Akikuuzia dola 28 hakuibii. Anaweza hata kuwa anategemea soda, viazi na maharage ndipo apate faida yake. Ninachokubaliana nawe ni kwamba hii si nyama ya kula kila wiki, na Wamarekani wa kawaida hawaili kila wiki.

Kichekesho ni kwamba kidari kilianza kama nyama ya wasio na hela. Kansas City ilikuwa na mazizi makubwa ya mnada wa mifugo na viwanda vya kuchinja, yaliyofunguliwa 1871, na kwa miongo mingi ikawa ya pili baada ya Chicago. Reli zilileta ng'ombe kutoka Texas na nyanda za magharibi. Vipande laini vilipanda treni kwenda mashariki, na vigumu, kidari kikiwa mstari wa mbele, vilibaki kwa bei ya kutupa. Mwaka 1907 akafika mjini mtu mweusi kutoka upande wa Memphis, Tennessee, jina lake Henry Perry, aliyejifunza kupika kwenye meli za mtoni. Mwaka uliofuata alikuwa anauza nyama ya moshi kwenye kibanda cha uchochoroni, katika eneo la viwanda vya nguo, akiifunga kwa gazeti, senti 25 kwa fungu. Hakuwa mtu wa kuchagua sana: pamoja na ng'ombe aliuza hata wanyama wa porini kama rakuni. Baadaye alihamia mtaa wa watu weusi, karibu na Vine Street, palepale muziki wa jazi wa mji huo ulipokuwa unakua.

Perry alifariki 1940. Mfanyakazi wake Charlie Bryant akashika biashara, na mwaka 1946 ikaenda kwa mdogo wake Arthur. Mgahawa unaoitwa Arthur Bryant's uko mpaka leo Brooklyn Avenue, na Rais Truman, mwenyeji wa maeneo hayo, alikuwa mmoja wa walaji wake. Mwaka huohuo wa 1946 familia ya Gates nayo ilianza mgahawa wake, na mpishi waliyempata, Arthur Pinkard, alikuwa amefanya kazi kwa Perry. Kwa hiyo majina mawili makubwa ya mjini kwenu yana mwalimu mmoja. Mazizi ya mnada yalifungwa 1991; moshi ukabaki. Ukitaka kuona jinsi mambo haya yasivyohitaji fahari, nenda upande wa jimbo la Kansas kwenye mgahawa wa Joe's, ambao mjini hapo ulianzia ndani ya kituo cha mafuta, na bado watu wanapanga foleni humohumo.

Na ukienda usikose kipande ambacho mjini kwenu ndicho chenye jina, kwenye ubao kimeandikwa "burnt ends". Kidari kina misuli miwili iliyolaliana: mmoja bapa usio na mafuta mengi, mwingine wa juu ulionenepa. Zamani kwa Bryant, yule mkataji alipokuwa akikata slesi, pembe zilizokauka na kuwa nyeusi zilikuwa zinaangukia pembeni ya ubao, na waliokuwa kwenye foleni waliruhusiwa kujiokotea bure. Watu wakaanza kuja kwa ajili ya hizo pembe. Siku hizi msuli ule mnono hukatwa vipande vya mraba, hupakwa sosi na kurudishwa tanurini mpaka vinang'aa, na vinauzwa ghali kuliko slesi. Kama unapenda mafuta ya nyama, hapo ndipo pa kuweka hela yako.

Kuhusu weusi wa nje, usiukwangue. Haujaungua kwa maana ya mkaa. Ni viungo, moshi na protini ya juu vilivyokaukiana kwa nusu siku. Ukiuweka ulimini utasikia chumvi, pilipili na utamu kidogo. Ukisikia uchungu unaobaki kooni kama dawa, hapo kweli kuna kasoro, na kasoro ni ya moto. Kuni mbichi, au moto ulionyimwa hewa, hutoa moshi mweupe mzito, na moshi huo hutia nyama uchungu. Moto mzuri moshi wake huuoni vizuri. Ni mwembamba, una rangi ya bluu ukiutazama kwenye kivuli. Ukipita nje ya mgahawa ukaona bomba linatoa wingu jeupe, kula kwingine siku hiyo.

Angalia pia kama kuna rundo la kuni nyuma ya jengo. Kansas City hupenda hikori, mti mgumu wa Kimarekani, na mwaloni. Nisikufiche, migahawa mingi ya mjini hutumia matanuri ya chuma yanayopata joto kwa gesi, na kuni magogo machache ya kutoa moshi. Majirani hulalamikia moshi, na kupata mtu wa kukesha na moto si rahisi. Nyama yake inaweza kuwa nzuri sana. Lakini kama unatoa dola 30 kwa ratili, una haki ya kuuliza, na mpishi anayejivunia kuni zake atakutoa nje akuoneshe.

Unapofika kwenye ubao wa kukatia, hesabu nusu ratili kwa mtu mzima. Mkataji atakuuliza unataka upande mkavu au wa mafuta. Mwambie akupe slesi moja ya kila upande, hawakatai. Halafu ifanyie jaribio: ipokee slesi ya upande mkavu, unene wa penseli hivi, uilaze juu ya kidole chako. Inatakiwa ijikunje pande zote mbili bila kukatika. Kisha ishike ncha mbili uvute taratibu. Ikiachia kwa mvuto mdogo, mpishi anajua kazi. Ikivutika kama mpira, ilitolewa mapema. Ikisambaratika kabla hujavuta, imepita. Nenda kati ya saa tano na saa saba mchana. Ikifika saa tisa ule upande mkavu mara nyingi umeshakauka hata pazuri. Sosi iombe pembeni, maana ya Kansas City ina nyanya na molasi na itafunika kila kitu. Mkate mweupe ni wa kufungia nyama, achari na vitunguu ni vya kukata mafuta, kazi ileile ya kachumbari. Bakshishi wanayokuomba kwenye kioo cha malipo si lazima iwe kubwa kama ya mgahawa wenye wahudumu wa mezani.

Sasa suala la dini, na hapa mimi nazungumza kama mpishi, fatwa muulize imamu wenu. Nguruwe yuko katika karibu kila mgahawa wa aina hii. Mbavu kwenye ubao, kama hazijaandikwa ni za ng'ombe, chukulia ni za nguruwe. Soseji pia, au utumbo uliofungia soseji. Hata "burnt ends" sehemu nyingine hutengenezwa kwa nguruwe, hivyo uliza. Maharage ndiyo yanayowanasa wengi: yamewekwa chini ya nyama tanurini makusudi ili mafuta yadondokee humo, na mara nyingi yana vipande vya nyama ndani. Majani ya sukuma ya Kimarekani hupikwa kwa mguu wa nguruwe wa moshi. Baadhi ya sosi zina pombe. Na hata ukichagua kidari cha ng'ombe pekee, tanuri ni lile lile, rafu ya juu yaweza kuwa na nguruwe anayedondosha mafuta, na kisu na ubao ni vilevile. Achilia mbali uchinjaji. Kwa kifupi, mgahawa wa kawaida hauwezi kukuhakikishia kitu, hata mhudumu akiwa muungwana kiasi gani. Dallas na Houston ipo migahawa ya nyama ya moshi iliyo halali kabisa, ng'ombe, kondoo na bata mzinga, kwa sababu Waislamu wa huko ni wengi na walichoka kuangalia wenzao wakila. Kwa mliko nyinyi, njia ya uhakika ni kununua kidari kwa bucha wa halali na kumwachia mume wako afanye vitu vyake.

Ambaye hataweza kuvifanyia barazani ghorofani. Mikataba mingi ya nyumba za kupanga, na kanuni za zimamoto za miji mingi, zinakataza jiko la mkaa kwenye baraza za maghorofa, na msijaribu kwa siri, moshi wa saa kumi haufichiki. Tumieni bustani za umma, nyingi zina majiko ya chuma yaliyosimikwa ardhini, au nendeni kwa rafiki mwenye uwanja na jiko lenye mfuniko.

Pia asianze na kidari. Kwa anayejifunza ni hasara ya dola 80 asubuhi moja. Achukue nyama ya bega la ng'ombe, kipande cha kilo moja na nusu hivi, ambacho nacho kina kolajeni ya kutosha na huiva kwa saa sita au saba. Apake chumvi na pilipili manga usiku. Kesho yake asogeze makaa yote upande mmoja wa jiko, aweke juu yake vipande viwili vya hikori iliyokauka, nyama ikae upande wa pili, mfuniko ufungwe, matundu ya hewa yawe wazi kiasi. Joto lizunguke nyuzi 120, kwa vipimajoto vya huko ni 250. Asitumie msonobari wala mbao za fanicha. Msonobari una utomvu mchungu na mbao zilizopakwa dawa ni sumu. Akikuta madukani kuni za mesikiti, huyo ni ndugu wa karibu wa mathenge, ule mti unaowasumbua wafugaji wa Baringo, Kenya. Moto wake ni mkali na moshi wake mzito, unafaa mishikaki ya dakika kumi, kwa nyama ya saa saba utaitia uchungu.

Baada ya saa nne za moshi nyama imeshapata ladha yote inayoweza kupata kwa jiko la aina hiyo. Aifunge kwa foili mbili, mrudi nyumbani, aiweke kwenye oveni ya kawaida nyuzi 135 mpaka kipimajoto kifike 95 na ncha iingie bila kukwama. Oveni si aibu. Nyama iliyokwisha kufungwa haijui joto linatoka kwenye kuni au kwenye umeme. Akiitoa aiache ikiwa imefungwa hivyohivyo saa nzima kabla ya kukata, na akate kukatiza nyuzi za nyama, asifuate mkondo wake, la sivyo kazi yote itapotelea kwenye meno.

Mabaki msiyapashe kwenye maikrowevu, yatakakamaa. Yafunge kwenye foili na vijiko viwili vya mchuzi au maji, oveni nyuzi 120, nusu saa. Zile ncha nyeusi zilizobaki zikatekate ndogondogo, zitie kwenye maharage ya nazi yakikaribia kuiva, na chumvi usiongeze mpaka uonje kwanza.